Dari ya balkoni inabanduka, lakini tuanze na nguzo za chini

*"Shikamoo mhandisi. Tunaishi Upanga, upande wa Sea View, ghorofa ya saba katika jengo la ghorofa kumi na mbili. Fleti ni yetu, tumenunua. Jengo ni la mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwaka jana dari ya balkoni ilianza kutoa mistari ya rangi ya kahawia. Mwezi uliopita kipande cha zege ukubwa wa sahani kiliangukia meza ambayo watoto hufanyia kazi za shule, bahati nzuri walikuwa hawapo. Ukitazama juu nondo zinaonekana, zimeoza. Fundi anataka laki tisa abandue, apige lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji, apake rangi, siku tatu kamaliza. Mwenyekiti wetu wa wamiliki anasema balkoni ni shauri la kila mtu na fleti yake. Mume wangu anasema majengo yote ya pwani yako hivyo, na kwamba nyumba za mawe za Unguja zimekaa karne na chumvi hiyohiyo. Mama mkwe ameona video ya lile ghorofa la Marekani lililoanguka usiku, anataka tuhame. Je, nimpe fundi kazi? Na maji ya kisima chetu ni ya chumvi, tunayaogea na walinzi wanayatumia kuoshea magari chini, yanahusika? Huko chini kwenye maegesho nguzo mbili nazo zina ufa wa kusimama, zilipigwa lipu mwaka juzi lakini ufa umerudi."*

Marahaba, dada. Poleni sana kwa kipande hicho, na ashukuriwe Mungu kwamba meza ilikuwa tupu. Nitajibu yote uliyouliza, ila kwa mpangilio wangu, kwa sababu lililonishtua katika barua yako si balkoni. Ni ile sentensi ya mwisho, uliyoitia kama nyongeza. Nguzo mbili za chini zina ufa wa kusimama, ukazibwa, ukarudi. Balkoni ikidondoka inamuumiza aliye chini yake, na hilo si jambo dogo. Nguzo ya maegesho imebeba sakafu zote zilizo juu yake, yenu ikiwemo. Ninyi mnatazama juu kwa sababu juu ndiko kulikoanguka kitu. Mimi ningekuja kwenu ningeshuka chini kwanza, na tochi.

Yako mambo ya leo yasiyohitaji hela. Balkoni ifungwe. Mtu asikae, nguo zisianikwe, na vyungu vya maua, dramu la maji au mashine ya kufulia kama ipo vitolewe. Mwombeni jirani wa ghorofa ya nane afanye vivyo hivyo, maana dari yenu ndiyo sakafu yake. Chini, usawa wa balkoni hizo, pazungushiwe kamba au mabati ili mtu asipite wala asiegeshe gari. Msigonge wala kubandua wenyewe vipande vilivyolegea juu ya vichwa vyenu. Na kule kwenye maegesho, kuosha magari kusimame leo. Sababu yake inakuja.

Sasa tuone kinachotokea ndani ya zege. Kwa macho zege ni jiwe, lakini limejaa matundu madogo yasiyoonekana, na unyevu uliomo humo una ukali wa magadi. Kwa kipimo cha pH ni kati ya 12 na 13. Nondo ikizungukwa na hali hiyo hujivika utando mwembamba mno unaoizuia isishike kutu. Ndiyo maana ukivunja jengo la zamani kule Iringa unaweza kukuta nondo iko vilevile kama siku ilipofungwa. Utando huo una maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya kaboni tunayoitoa sisi na magari, ambayo huingia kwenye zege polepole kutoka nje na kulipunguza ukali wake. pH ikishuka chini ya 9 hivi, utando unakwisha. Wa pili, na ndiye mkubwa kwenu, ni kloridi, sehemu mojawapo ya chumvi. Huyu hana haja ya kusubiri pH ishuke. Anapenya na unyevu hadi kwenye nondo, na akishafika kiasi fulani anatoboa utando hapa na pale. Kipimo ambacho wahandisi wengi hukitumia kama mpaka wa hatari ni kloridi kufikia asilimia 0.4 ya uzito wa saruji iliyomo.

Chuma kikishaanza kuoza, shida ya kwanza si kwamba kinapungua. Shida ya kwanza ni kwamba kutu ni nene kuliko chuma kilichoizaa: huchukua nafasi mara mbili hadi sita. Zege linaweza kubeba mzigo mkubwa sana ukilikandamiza, lakini ukilivuta au kulisukuma kutoka ndani ni dhaifu. Hivyo linapasuka, na ufa unafuata mstari wa nondo. Maji yakapita kwenye ufa, yakatoka na rangi ya kahawia, hiyo ndiyo mistari uliyoiona mwaka jana. Kipande kilichoanguka juzi kilikuwa kimeshaachana na mwenzake muda mrefu kabla.

Kama hamjakitupa kipande hicho, kigeuze. Upande wa ndani utaona mfereji mahali nondo ilipolala, na magamba ya kutu yanayobanduka tabaka juu ya tabaka kama chapati. Chukua rula, pima kutoka kwenye mfereji hadi upande wenye rangi. Nitashangaa ukipata zaidi ya sentimita mbili. Kwa jengo linalopigwa na upepo wa bahari, nondo ilitakiwa ifunikwe na zege la milimita 40 hadi 50, na zege lenyewe liwe zito, lisilo na uwazi. Ni kwa ajili hiyo mafundi huweka biskuti, vile vitofali vidogo vya zege chini ya nondo, ili isikae juu ya ubao. Biskuti zikisahaulika, au zikapondwa na watu wanaokanyaga nondo siku ya kumwaga zege, nondo inazama hadi inagusa mbao, na jengo linaanza maisha yake na koti jepesi kuliko lililochorwa. Hakuna atakayegundua hadi miaka ishirini au thelathini ipite.

Upande wenu wa mji, kaskazi ikivuma inaleta matone madogo ya maji ya bahari hadi ukutani. Kuta za nje angalau husuuzwa na mvua. Upande wa chini wa balkoni hauoshwi na mvua hata siku moja. Chumvi inatua, inakaa, inaongezeka. Kwa hiyo sishangai kwamba ni dari ya balkoni iliyoanza.

Hapa mume wako ana nusu ya haki. Ni kweli majengo mengi ya pwani yana tatizo hili, na jambo kuwa la kawaida haliligeuzi kuwa salama. Ila mfano wa nyumba za mawe haufai kabisa. Nyumba za Mji Mkongwe au za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko (ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake ni urefu wa boriti). Ndani ya kuta zile hakuna chuma. Chumvi inazila kwa nje, lipu inachanika, watu wanapaka chokaa upya, lakini hakuna kitu katikati ya ukuta kinachovimba. Ghorofa lenu linasimama kwa ndoa ya zege na nondo. Nondo ikifa, zege peke yake halitabeba sakafu.

Sasa fundi wako. Simwiti tapeli. Anafanya alichoona kikifanywa, na kwa miezi kadhaa kazi yake itapendeza. Lakini dawa ya kuzuia maji anayoitaja inazuia maji mapya, haiitoi chumvi iliyokwisha kuingia. Akipiga lipu juu ya nondo yenye kutu, kutu inaendelea chini ya rangi mpya na safari ijayo hamtaiona mistari ya kahawia, mtasikia kishindo tu. Na hata akiisugua nondo vizuri, bado kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Kutu ni kazi ya umeme. Kwenye nondo moja ndefu, sehemu inayooza inaigharamia sehemu ya jirani: ile inakwisha, hii inalindwa. Ukiisafisha iliyokuwa ikioza na kuizungushia saruji mpya isiyo na chumvi, ulinzi ule unakatika. Sehemu ya jirani, ambayo bado imelala kwenye zege la zamani lenye chumvi, inaanza kuoza kwa zamu yake. Ndipo unapoona kiraka kiko imara kabisa lakini zege linabanduka pembeni yake. Kwa hiyo jibu fupi: usimpe laki tisa.

Kuna jingine kuhusu balkoni ambalo fundi hatalitaja. Kama balkoni yenu imechomoza nje ya ukuta bila nguzo wala bimu ya kuishika mbele, basi nondo zinazoishikilia isianguke si hizo unazoziona ukiangalia juu. Ziko upande wa juu wa slabu (bamba la zege la sakafu), chini ya vigae vya jirani yako, zimeingia ndani ya jengo. Slabu iliyochomoza inavutwa kwenye upande wake wa juu na kukandamizwa kwenye upande wake wa chini, kinyume cha slabu ya chumbani. Nondo za chini zinazobanduka zinatisha na kuumiza, lakini za juu zikiisha, balkoni nzima inakatika pale inapokutana na ukuta, mara nyingi bila kutoa dalili ya kutosha. Kwa hiyo anayekuja kukagua asiridhike kutazama dari yako. Apande kwa jirani, aangalie kama maji yanatuama sakafuni, kama vigae vimeinuka, kama kuna ufa unaokimbia sambamba na mlango. Aombe kung'oa vigae viwili vitatu. Na sakafu ya balkoni yako wewe nayo ikaguliwe hivyohivyo, kwa faida ya aliye ghorofa ya sita.

Turudi chini, tuzungumzie maji ya kisima. Kuyaogea hakuliharibu jengo, mradi mabomba hayavuji na sakafu ya bafu haipitishi maji kwenda kwenye slabu. Visima vingi vya Dar es Salaam vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi, watu wameyazoea. Maegesho ndiyo yananitia wasiwasi. Gari linaoshwa, maji yanatuama kwenye kitako cha nguzo, zege linayanyonya na kuyapandisha, kisha unyevu unakauka kwa juu na kuiacha chumvi ndani. Kesho tena. Kwa miaka thelathini ya kuosha magari, nguzo hizo zinaweza kuwa zimekula chumvi kuliko ukuta wowote unaoitazama bahari. Nendeni mkapime ufa unaanzia urefu gani kutoka sakafuni. Ukiwa unaanzia chini na kukoma kiunoni au kifuani, na rangi imevimba na ina unga mweupe, mtuhumiwa ni ndoo ya mlinzi. Msimlaumu mlinzi, ninyi ndio mnaompa gari.

Kwa nini ufa wa kusimama kwenye nguzo unanisumbua hivi? Ndani ya nguzo kuna nondo nene za wima pembeni, zimezungushiwa ringi. Ringi ndizo zilizo karibu zaidi na nje, na ni nyembamba, kwa hiyo huoza kwanza na hukatika mapema. Kazi ya ringi ni kuzibana nondo za wima zisipinde kwenda nje zinapobanwa na mzigo. Ufa wa kusimama pembeni ya nguzo kwa kawaida unafuata nondo ya wima, maana yake kutu imeshavuka ringi. Nguzo inaweza kuendelea kusimama hivyo kwa miaka, kwa sababu zege la katikati bado linabeba. Inaweza pia isiendelee. Tofauti ya hali hizo mbili haionekani kwa picha ya simu, wala mimi siwezi kuisema kwa barua. Inahitaji mtu afungue lipu na kuhesabu ringi zilizobaki.

Mtu huyo ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, si msanifu, si mkandarasi anayetafuta kazi, na wala si fundi mwenye uzoefu. Mwulizeni namba yake ya usajili kisha muithibitishe kwa Bodi. Ni vizuri zaidi kama anayepima si yule atakayelipwa kutengeneza. Akija, kuna vipimo ambavyo mna haki ya kuvidai, na nitavieleza ili msije mkauziwa ripoti ya kurasa tatu zenye picha.

Cha kwanza ni nyundo. Anagonga dari, bimu na nguzo, akisikiliza. Zege zima linalia kwa ukali, lililoachana linatoa sauti ya uwazi kama mlango wa boksi. Anachora kwa chaki kila penye uwazi, na kwa kawaida eneo linakuwa kubwa kuliko lililoonekana. Cha pili ni kifaa cha kutafuta nondo kupitia zege, kinachosema iko wapi na imefunikwa kwa milimita ngapi. Cha tatu, anavunja mahali padogo na kunyunyizia dawa iitwayo finolfthalini. Zege lenye ukali wake linageuka waridi, lililokwisha kupoteza halibadiliki rangi. Utaona kwa macho yako waridi inaanzia kina gani, na nondo iko upande gani wa mstari huo. Cha nne ni kupima umeme wa nondo kwa elektrodi ya shaba. Kwa kiwango cha Marekani kinachotumiwa sana, usomaji wa chini ya hasi 350 milivolti unamaanisha uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 kwamba kutu inaendelea mahali hapo, hata kama juu pako laini.

Cha tano ndicho ningekilipia hata kama vingine vyote vingekatwa. Anatoboa kwa drili na kukusanya unga wa zege kwa vina tofauti: sentimita ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, hadi kuvuka nondo. Unga unaenda maabara kupimwa kloridi. Ikiwa chumvi ni nyingi nje na inapungua kadiri mnavyoingia ndani, imetoka hewani au kwenye maji ya kuoshea, na moyo wa zege ni mzima. Ikiwa kiasi ni kilekile nje hadi katikati, chumvi hiyo imezaliwa na jengo: ilimwagwa siku ya kwanza, kwenye mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa au kwenye maji ya kisima yaliyochanganyia zege. Majibu hayo mawili yanaongoza kwenye matengenezo tofauti kabisa, na bei tofauti kabisa. Anayekutajia gharama kabla ya kujua jibu hili anakisia.

Tuseme majibu yametoka na chumvi ni ya nje. Hapo matengenezo ya kweli yanawezekana. Kwanza slabu inashikiliwa kwa jeki au mirunda, na si ghorofa moja tu, kwa sababu mzigo lazima ufike mahali panapouweza. Zege linavunjwa hadi nyuma ya nondo, kidole kiweze kuzunguka, na linafuatwa nondo kwa nondo hadi kwenye chuma kisafi, si kuishia pale lilipoanguka. Nondo inasuguliwa hadi ing'ae, inasuuzwa kwa maji matamu (si ya kisima chenu, tafadhali), kisha inapimwa unene. Iliyopungua sana inaongezewa nyingine pembeni, na kiasi cha "sana" anaamua mhandisi kwa hesabu. Halafu inajazwa saruji maalumu ya kukarabatia, yenye nguvu inayokaribiana na zege la zamani, na inamwagiliwa siku kadhaa isikauke haraka. Ili kulizuia lile tatizo la kiraka kuhamisha kutu, vinafungwa vipande vya zinki kwenye nondo kuzunguka kiraka: zinki inakubali kuoza badala ya chuma. Vinaongeza gharama na vinaisha baada ya miaka, lakini kwa jengo la Sea View naviona vina thamani. Mwisho kabisa ndiyo inakuja rangi ya kuzuia chumvi, ile ambayo fundi wako alitaka kuanza nayo.

Kwa nguzo, mara nyingi hatua inaenda mbali zaidi: zinafungwa ringi na nondo mpya kwa nje na kuvikwa zege jipya, nguzo ikanenepa. Mtapoteza nafasi kidogo ya kuegesha. Kazi hiyo haifanywi bila kuipunguzia nguzo mzigo kwanza, na haifanywi bila michoro yenye muhuri. Ukiona mtu ameanza kuchimba nguzo ya ghorofa kumi na mbili kwa patasi na nyundo bila jeki hata moja, msimamishe, kisha uliza maswali.

Na ikiwa chumvi imo tangu kuzaliwa, nitakuwa mkweli kwako: viraka havitaisha. Mtatengeneza balkoni hii, mwaka unaofuata ile. Upo mfumo wa kupitisha umeme mdogo wa kudumu kwenye nondo ili zisioze, unafanya kazi, unatumika hata kwenye magati ya bandari, lakini unataka mtaalamu wa kuutunza miaka yote, na majengo yetu yanashindwa hata kutunza lifti. Katika hali hiyo wamiliki wanapaswa kukaa na hesabu mbili mezani, ya kulikarabati jengo na ya kulivunja na kujenga upya, kabla hawajamwaga mamilioni kwenye la kwanza.

Hapo tunafika kwa mwenyekiti. Nimeshasema dari yako ni sakafu ya mwingine. Sasa mwulize: nondo ile iliyoingia kutoka balkoni hadi katikati ya jengo inabadilika kuwa ya fleti gani ikivuka ukuta? Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, inayotenganisha sehemu ya mmiliki mmoja na mali ya pamoja, na inayotaka wamiliki wawe na chama chao na wachangie utunzaji wa mali hiyo. Nguzo, bimu na kuta za nje kuziita shauri la mtu mmoja mmoja ni kujidanganya. Kama jengo lenu bado halijaingizwa kwenye utaratibu huo, na mengi ya zamani hayajaingizwa, mtafuteni mwanasheria asome hati zenu. Lakini msisubiri mwanasheria ndipo mwite mhandisi. Itisheni kikao, pelekeni kipande kile cha zege kiwekwe mezani, na ombeni mchango wa ukaguzi tu kwanza. Ni rahisi watu kukubali kulipia ukaguzi kuliko kukubali kulipia matengenezo ambayo hakuna anayejua ukubwa wake. Mkikwama kabisa, mhandisi wa jiji anaweza kuandikiwa, na mwenyekiti akijua barua imekwenda huwa anapata nafasi ya kikao.

Video aliyoiona mama mkwe ni ya Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 kule Surfside, Florida, ufukweni kabisa. Lilijengwa 1981, sehemu yake kubwa ikaanguka usiku wa tarehe 24 Juni 2021, watu 98 wakafa. Kufananisha moja kwa moja si sahihi. Wachunguzi wa serikali ya Marekani wameonyesha kwamba sakafu ya eneo la bwawa la kuogelea ilikuwa dhaifu tangu kwenye michoro, haikukidhi kanuni za wakati ule, kwa hiyo si kutu peke yake. Lakini kuna sehemu ya kisa hicho inayowahusu. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na wamiliki aliandika kwamba maji yanatuama juu ya slabu hiyo na zege lake limeharibika vibaya. Ripoti ilikuwepo. Ikafuata miaka ya vikao kuhusu nani alipe na kiasi gani, na jengo likaanguka kabla kazi kubwa haijaanza. Watu wa Dar wanapoogopa maghorofa wanakumbuka lile la mtaa wa Indira Gandhi lililoua watu 36 Machi 2013, ila lile lilikuwa bado linajengwa, chumvi haikupata hata nafasi. Lenu limesimama miaka thelathini, hilo linasema kitu kizuri kuhusu waliougawa mzigo wake. Halisemi lolote kuhusu nondo zilivyo leo.

Je, mhame? Kwa ulichoniandikia, nisingewaambia mfungashe usiku huu. Ningetaka mhandisi azione nguzo ndani ya wiki hii, si mwezi huu, na akisema zitiwe jeki, zitiwe siku hiyohiyo hata kama mchango haujakamilika. Wakati mnamsubiri, chora kwa penseli mstari mfupi mahali kila ufa wa nguzo unapokomea juu na chini, andika tarehe, piga picha na rula ikiwa pembeni. Ufa ukivuka mstari ndani ya siku chache, mpigieni simu asubuhi hiyo.

Na yapo mambo ambayo yakitokea hakuna kumsubiri mtu. Nguzo ikianza kumwaga vipande au unga wa zege bila kuguswa, nondo za wima zikaonekana zimepinda kwenda nje, milango ya ghorofa za chini ikagoma kufunguka ghafla ilhali jana mliifungua, sakafu ikalegea, au mkasikia milio ya kupasuka kutoka chini: tokeni kwa ngazi, si kwa lifti, gongeni milango ya majirani mnaposhuka, msipitie maegesho kuokoa gari, na mkishakuwa mbali na jengo pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji. Mfundisheni hilo na mlinzi wa usiku, kwa kuwa yeye ndiye anayelala karibu na nguzo hizo.